Siku Tuliyokwenda Kuwaona Ndovu wa Tripunithura

Jeddah, Ijumaa mchana

Kwa dada yangu mpenzi Mghoi,

Nakusalimu sana, wewe na wote mlioko hapo Sagalla. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikubana kila baridi kikiingia kiwe kimekuachilia. Mama naye anaendeleaje na magoti? Bado anateremka kisimani mwenyewe, au siku hizi amekubali kuchotewa maji? Na mwanangu Neema, bado ana ile tabia ya kula amesimama mlangoni kama mtu anayekimbilia gari? Mimi kwa mwili ni mzima. Sina homa wala sijavunjika popote. Hayo mengine utayasoma.

Najua mmenipigia simu mpaka mkachoka. Simu nilinyang'anywa, na sababu yake nitakueleza. Barua hii imebebwa na Barasa, dereva wa nyumba hii ninayofanyia kazi sasa, mtu wa Bungoma. Anakwenda nyumbani likizo. Ameniahidi kuwa akifika Nairobi ataituma kwa basi mpaka Voi, pale ofisi ya mizigo, kwa jina lako. Ukishaipata, usimsomee Mama yote. Msomee mambo ya ndovu na ya jumba la wafalme, atafurahi. Ukifika penye paspoti, ruka.

Unakumbuka nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwenye lile jumba ambalo ngazi zake ni za marumaru na bado wameweka lifti ndani. Kazi za jumba zilikuwa na mtu wake, dada mmoja Mfilipino. Mimi kazi yangu ilikuwa Hajja, mama mzazi wa Madam. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia kikachukua mkono, mguu na ulimi. Nilimwosha, nilimvisha, nilimgeuza kitandani, nilimlisha. Mwanzoni alikuwa akinitemea uji. Baadaye akawa hali mpaka nimlishe mimi. Madam akijaribu, Hajja anafumba mdomo kama mtoto. Jina langu liliwashinda, wakanikata nusu wakaniita Kesho. Na mkataba wangu ulipokwisha, kila nilipomwendea Madam kumwomba anirudishe nyumbani alinijibu "bukra", ambayo kwa Kiarabu ndiyo kesho hiyo hiyo. Nilicheka siku ya kwanza.

Halafu akaja na habari ya safari. Marafiki zake walimwambia kuna sehemu ya India inaitwa Kerala, ambako Waarabu huenda wakati wa joto kutazama mvua na kukandwa kwa mafuta ya miti, na kwamba waliopooza huinuka. Mimi nilikwenda kwa sababu Hajja haendi popote bila mimi. Uwanja wa ndege nilipewa paspoti yangu mkononi, dada. Tangu nifike Saudia sikuwa nimeishika. Niliishika kutoka kwenye kaunta mpaka kwa askari wa kugonga muhuri, nikaifungua nikaitazama picha yangu, nikajiona nilivyokuwa na mashavu. Tulipopita yule askari, Madam alinyoosha mkono bila hata kunitazama, nami nikairudisha. Hivyo ndivyo mtu anavyozoea.

Kerala ni kijani, dada, kijani cha milima yetu mvua za vuli zikishakubali, minazi na migomba mpaka kwenye kuta za nyumba. Nilipoteremka kwenye gari na kusikia harufu ya udongo uliolowa, machozi yalinitoka, ikabidi nijifanye nafunga kamba ya kiatu. Nyumba ya matibabu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kochi. Asubuhi Hajja alilazwa juu ya meza ya mbao, akamiminiwa mafuta ya moto, akakandwa kwa vifurushi vya majani. Mkandaji alikuwa mwanamke wa makamo anaitwa Lisi, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu kama ya mtu anayetwanga kila siku. Siku ya kwanza nilipokuwa nikimshika Hajja asiteleze, alinisemesha kwa Kiarabu. Nilishtuka mpaka karibu nimwachie.

"Wewe ni wa nchi gani ya Afrika?"

"Kenya."

"Nimekaa na Wakenya," akasema. "Jeddah, mtaa wa Ghulail. Nilikuwa nafanya usafi hospitali. Wanapenda kucheka, wale."

"Ulirudi vipi?"

"Mkataba ulikwisha, wakanipa paspoti yangu, nikapanda ndege."

"Wangu umekwisha pia," nikamwambia.

Aliacha kukanda. "Halafu?"

"Halafu niko hapa."

Akamimina mafuta, akaendelea kukanda. Kuanzia hapo, kila asubuhi alinitilia kikombe cha chai ya maziwa pembeni ya meza, nami nikawa nazingoja asubuhi zile. Mtu aliyepita ulikopita huhitaji kumweleza mengi. Aliuliza jina la mwanangu na anakaa na nani. Nikamwambia anakaa na dada yangu.

Karibu na hapo kuna mji mdogo wa zamani, Tripunithura, uliokuwa makao ya wafalme wa Kochi. Una hekalu kubwa, una majumba ya kifalme, na kila mwaka sikukuu yao ya mavuno inapoanza hufanya maandamano makubwa barabarani. Lisi alituambia kwamba zamani mfalme mwenyewe alitoka siku hiyo na jeshi lake na watu wote ili raia wamwone. Siku hizi mfalme hayupo tena lakini watu hawajaacha kutoka. Madam aliposikia kuna ndovu waliovikwa dhahabu, alitaka picha. Na Hajja alipoona tunavaa, aligonga mkono wa kiti chake kwa ule mkono mzima mpaka tukaelewa kwamba na yeye anataka kwenda. Basi tukaenda: Madam, Hajja kwenye kiti chake cha magurudumu, Lisi wa kutuongoza, dereva wa ile nyumba ya matibabu, na mimi.

Sijui nikuelezeje. Kwenye vizingiti vya nyumba walikuwa wametandaza maua chini, petali kwa petali, duara ndani ya duara, ya manjano na ya rangi ya machungwa na meupe, mpaka unaogopa kukanyaga. Mvua ilikuwa ya rasharasha na hakuna aliyeijali. Wakaja wapiga ngoma, wanaume wengi wenye vifua wazi na ngoma zimening'inia mabegani, wanazipiga kwa fimbo zilizopinda. Nyuma yao wapuliza pembe ndefu zilizokunjika kuelekea juu. Wakaja watu wenye vitambi vilivyochorwa nyuso za chui, wanavitikisa vile vitambi, na watoto wanalia kwa kucheka. Wakaja wanawake waliovaa nyeupe yenye pindo la dhahabu, waliovikwa taji, na wengine juu ya magari yaliyopambwa yakionyesha hadithi zao za kale. Na kisha wakaja ndovu.

Wewe unajua ndovu kwetu ni nini. Ni usiku wa kupiga madebe na kuchoma pilipili ili moshi uwafukuze, na asubuhi kukuta mahindi yamelala. Hawa walikuwa wakubwa kama wale, wamevikwa mapambo ya dhahabu kutoka utosini mpaka kwenye mkonga, na juu yao watu wameshika miavuli ya hariri. Wanatembea katikati ya watu, taratibu, na akina mama wanawanyooshea watoto wao wawaguse. Nilitazama miguuni nikaona minyororo. Nilisimama kama mjinga. Ukimwambia Mwadime hataamini kwamba dada yake alisimama karibu na ndovu dume kiasi cha kusikia anavyopumua, na hakukimbia.

Mmoja alipofika mbele yetu aligeuza kichwa na kuunyoosha mkonga kuelekea kwenye kiti cha Hajja. Alikuwa ananusa tu, maskini. Lakini Hajja aliruka, akanikamata nguo kwa ule mkono mzima, akapiga kelele:

"Kesho!"

Wazi kabisa. Tangu kiharusi kimpige hakuwa ametoa neno hata moja. Madam alidondosha simu yake kwenye tope. Alipiga magoti pale pale barabarani, akamkumbatia mama yake, akamwambia aseme tena, na Hajja akasema tena, "Kesho, Kesho," huku akitetemeka. Nililia na mimi, sikufichi. Nimemhudumia yule mzee kama ambavyo ningemhudumia Mama, na sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia. Ni nzito kidogo, kama ya mwanamume.

Madam aliinuka, akanishika uso kwa mikono miwili. Machozi na wanja vilikuwa vinamteremka. Akasema, "Wallahi hutatuacha, Kesho. Hutatuacha maisha. Wewe ni wetu."

Alisema kwa upendo, dada. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya nalo. Ngoma zilikuwa zinapigwa, watu wanashangilia, naye ananitazama kwa macho ya mtu anayekupa zawadi.

Kisha alitaka kupigwa picha na ndovu. Akanivika mkoba wake begani, akasema "shika hapa," akaenda na dereva. Mate yalikuwa yanamtoka Hajja kwa sababu ya ile fadhaa, nikafungua mkoba nitafute karatasi laini. Nikaziona paspoti. Mbili za kijani, zao, na moja ya buluu.

Lisi alikuwa kando yangu amemshikia Hajja mwavuli. Aliona ninachokiangalia. Hakunigeukia. Alitazama mbele kwa wale ndovu, akasema polepole, kama mtu anayezungumza habari za mvua, "Mdogo wangu ni mtawa. Nyumba ya masista iko karibu na stesheni. Kuna chumba. Wao wanaweza kuwapigia watu wa ubalozi wenu kule Delhi."

Nikaichukua. Niliipenyeza chini ya buibui mpaka ndani ya sidiria, ikanigusa kifuani ikiwa ya baridi. Hajja alikuwa ananitazama. Alinitazama wakati wote huo, na sijui alielewa nini.

Madam aliporudi alitaka kuona hekalu. Tulifika mpaka langoni. Ndani niliona taa za mafuta zimepangwa ukutani safu juu ya safu, na paa la shaba, na wanaume waliovua mashati wanaingia. Pale mlangoni pameandikwa kwamba asiye wa dini yao haingii. Madam alisema hata angeruhusiwa asingeingia, ni nyumba ya masanamu, akajifunika vizuri na kurudi nyuma. Nilimuuliza Lisi kama yeye amewahi kuingia.

"Mimi Mkristo," akasema. "Nimezaliwa nyuma ya ule ukuta na sijui kilichomo."

Basi tulisimama pale nje, yeye na mimi na Hajja, tukiwatazama watu wakitoka, wakivaa viatu vyao na kwenda zao. Nilikuwa nawatazama wale wanaokwenda zao.

Kutoka hapo tukapelekwa kwenye kasri la wafalme, juu ya kilima, jumba juu ya jumba, na bustani zimeshuka kwa ngazi kama mashamba yetu ya mlimani. Ngazi zilikuwa nyingi. Mimi na dereva tulikibeba kiti cha Hajja, kwa hiyo mkoba nikampa Lisi. Nakuomba ukumbuke hapo. Ndani kuna kiti cha enzi, kuna taji la dhahabu nyuma ya kioo na askari amelisimamia, kuna vitanda na mapanga na picha za wafalme wenye masharubu. Lisi alitueleza kwamba katika ukoo ule mtoto wa mfalme hakurithi. Aliyerithi ni mtoto wa dada yake. Wanawake ndio waliobeba ukoo, ingawa wengi wao, alisema, hawakutoka nje ya kuta zile isipokuwa kwa sherehe. Nilimfikiria Neema. Nikajiambia, nikifika nyumbani nitamwambia wewe ndiye mrithi wa dada yangu. Nilikuwa nasema "nikifika" kama mtu aliyekwisha kata tiketi. Kila nilipovuta pumzi paspoti ilinikwaruza, na mimi nikawa navuta pumzi kwa makusudi.

Tulikuwa tumeshuka, tuko kwenye gari, Madam alipofungua mkoba ampe mlinzi bakshishi. Nilimwona vidole vikisimama.

"Paspoti ya Kesho iko wapi?"

Alimwaga mkoba wote kwenye kiti. Akauliza nani aliushika. Nikasema niliushika mimi. Dereva akasema, na Lisi. Basi Madam hakunitazama tena. Inawezekana hakuweza hata kuwaza kwamba ni mimi, baada ya yale ya asubuhi. Alimgeukia Lisi, akamwambia kwamba watu wa aina yake huuza paspoti za wageni, kwamba alijua tangu mwanzo, Kiarabu kile cha kujipendekeza. Akampigia simu meneja wa nyumba ya matibabu. Meneja alikuja kwa pikipiki, amelowa, anaogopa kupoteza wateja. Alimfokea Lisi kwa lugha yao mbele ya watu. Kisha akamgeukia Madam na kusema kwa Kiarabu, ili tusikie sote, kwamba kuanzia saa ile mwanamke huyu hana kazi, na kwamba anamwita polisi.

Dada, Lisi alijua ilipo. Alikuwa amesimama mvuani mikono imeshuka. Mumewe ni mgonjwa wa figo, aliwahi kuniambia, na mkate wa nyumba ni mikono ile. Alinitazama mara moja tu. Hakunikazia macho wala hakuniomba. Kisha akatazama chini.

Nilingoja. Nitakwambia ukweli kwamba nilingoja. Nilijiambia labda atapekuliwa, akikutwa hana ataachwa. Nilijiambia stesheni iko karibu. Nilisikia meneja anasema kwenye simu neno "polisi", ambalo ni neno lile lile kila mahali. Hapo ndipo nikaingiza mkono kifuani.

"Nilikuwa nayo mimi," nikasema. "Nilitaka kwenda nyumbani."

Hakuna aliyenipiga. Madam aliipokea ile paspoti, ilikuwa na joto la mwili wangu, akaifuta kwa kitambaa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tumekukosea nini?" Nikamwambia mkataba umekwisha. Akasema, "Lakini mama amesema jina lako."

Lisi hakufukuzwa. Ila hakuruhusiwa tena kumkanda Hajja, na mimi sikuruhusiwa kutoka chumbani bila Madam. Siku ya kuondoka alikuwa anafagia ukumbi, nikapita nikisukuma kiti. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, kama mtu anayembariki mtoto, akaendelea kufagia. Sikujuta kuitoa ile paspoti. Nilijuta tu kwamba niliposema, nilikuwa nimekwisha ngoja.

Tuliporudi Riyadh ndipo simu ilipochukuliwa. Madam alisema ndiyo iliyonipotosha. Na baada ya muda kaka yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Bosi, akaamua mama yao ahamie kwake Jeddah apate hewa ya bahari. Nikahamishwa pamoja na kiti chake na dawa zake. Sijaiona bahari yenyewe. Nyumba ina ukuta mrefu, lango linafunguka kwa rimoti, na rimoti iko kwa Bosi na kwa Barasa.

Barasa ni mtu mzuri. Nilipofika tu nilimwambia kwa Kiswahili, "Kaka, siku moja nitoe humu." Hakunidanganya.

"Sista, sikia," akasema. "Nikikutoa mimi, mimi ndio naenda ndani. Na wewe ukitoka bila ikama, ile karatasi ya kukaa, utaishia mtaa wa Kandara hapa Jeddah, mnalala watu kumi kwa chumba, unafua nguo za watu, kila ukiona gari la polisi unaingia dukani. Wakikushika wanakupeleka jela ya kurudisha watu, unakaa mpaka kafili wako, huyo bosi aliyekudhamini, aseme sawa. Ni yeye tu. Ukienda kushoto ni yeye, ukienda kulia ni yeye."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mungu tu. Na huyo mzee."

Nilifikiri anamaanisha Bosi. Sikumwomba tena. Nilikwisha ona mtu mmoja akisimama mvuani kwa ajili yangu, sitaki wa pili.

Juzi Bosi alikuja na ikama yangu mpya. Imeandikwa upya, sikuulizwa. Alinionyesha kwa furaha, akasema "mabruk," yaani hongera. Kwa hiyo, dada, ile habari ya Krismasi iacheni. Msichinje kitu, msimwambie Mama aanze kutazama njia.

Lakini kuna jambo nimelianza. Daktari wa hapa alisema kwa kuwa Hajja ametoa neno moja, mengine yatakuja akifundishwa kila siku. Kazi hiyo nimepewa mimi. Namwonyesha kikombe, nasema neno, yeye anarudia. Maji. Mkate. Mlango. Anafanya vizuri kuliko daktari alivyotarajia. Na kila alasiri, baada ya swala, Bosi huja kumbusu mama yake kwenye paji la uso, humwambia, "Amuru tu, mama." Na hayo si maneno ya mdomo. Siku Hajja aliposema "samaki", samaki walikuja wa kila aina. Mama akisema kitu katika nyumba hii hakuna wa kukipinga, hata Madam kule Riyadh.

Basi nimekuwa nikimfundisha sentensi. Ni maneno mawili tu ya Kiarabu: haluha tiruh. Maana yake, mwacheni aende. Tunaifanya asubuhi nikimchana nywele. La kwanza analisema bila taabu. Haluha, haluha. Akifika la pili ananyamaza, ananitazama kwenye kioo. Ni mzee mwenye akili, anajua anafundishwa nini. Sijui kama anayenyamaza ni ulimi au ni moyo. Simlaumu. Nikienda mimi, nani atamlisha? Wakati mwingine namwona anaogopa, namwambia tuache leo, na ananishika nguo.

Leo Bosi alikuja mapema kwa sababu ni Ijumaa. Akambusu, akasema, "Amuru tu, mama." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Hajja akaninyooshea kidole. Akasema, "Haluha."

Bosi akainama. "Mwacheni afanye nini, mama?"

Nilishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Hajja alifungua mdomo, akafunga, jasho likamtoka juu ya mdomo. Akafungua tena. Akasema, "Tirtah."

Ni neno jingine, dada. Yanafanana sana, hata ulimi mzima unaweza kuyachanganya. Maana yake ni apumzike. Mwacheni apumzike. Bosi alifurahi mno, sentensi nzima! Akamwita mkewe aje asikie. Akaniambia, "Umesikia, Kesho? Nenda kapumzike mpaka magharibi, mama ameamuru." Hajja alikuwa ananitazama, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho la upande mzima.

Ndiyo mapumziko haya ninayokuandikia. Ni mara ya kwanza kupewa mchana tangu nilipofika nchi hii. Niko chumba cha kufulia, mashine zimezimwa, na Barasa yuko nje anafunga sanduku lake. Asubuhi nikimchana tutaanza tena pale pale kwenye neno la pili.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe anakula na analala. Nisalimie kaka yetu Mwadime, umsimulie ya yule dume aliyenusa kiti. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umshukuru kwa kumlea Neema kama wake. Msalimie Nyanya Mkawasi kama bado anasikia, na mchungaji wetu, na jirani Mama Zawadi. Neema mwambie habari ya wafalme wa kule, kwamba mtoto aliyekaa na mama yake mkubwa ndiye aliyevikwa taji. Usimwambie nakuja lini. Mwambie nilimtaja.

Na mkiomba jioni, msitaje jina langu. Ombeeni ulimi wa Hajja.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Wakesho